Hatua Kumi na Sita za Akonaay

Mzee Akonaay wa Endagikot alikuwa na hasira tangu mvua ya Alhamisi, na asiyemwelewa hajawahi kulima kilimani. Kwa miaka thelathini na minane hakuwahi kuelekeza plau chini ya mteremko. Alilima kwa kukinga, kutoka ubavu hadi ubavu, ili kila mtaro uzuie maji. Vijana waliopewa mashamba mteremkoni walitumwa kwake kwanza wakatazame. Aliyelima kushuka alimwita mwizi, maana anaiba udongo wa wajukuu. Sasa mwizi alikuwa yeye mwenyewe.

Yalianza na binti yake Judica, mchoraji wa filamu za katuni. Alipewa kazi ya filamu ya kuwafundisha wakulima kukinga mteremko, akaapa kwamba mkulima wake atatembea kama baba yake.

"Nakupiga picha kumi na sita mfululizo, baba, chap chap. Halafu nachora juu ya kila moja, nikiziunganisha unatembea."

Mzee alifurahi mpaka akavaa koti la kanisani. Lakini kila alipopita kwa kukinga, majani marefu ya ukingoni yalificha miguu ya maksai. Mtu akilima kushuka, kandokando ya njia, kila kwato ilionekana.

"Shuka mara moja tu, baba. Ardhi nitainyoosha kwenye kompyuta."

Akashuka. Mara moja ikawa mara nne, kwa sababu simu iligoma. Jirani yake Margwe, aliyekuwa akiswaga maksai, alicheka hadi akashika mbavu. Alhamisi maji yaliingia katika mitaro ile minne, yakachimba korongo la kufika magotini, yakabeba udongo mweusi wote hadi uani kwa Margwe. Margwe hakucheka tena.

Jumapili baada ya ibada Judica alikuja na filamu kwenye simu. Wiki iliyofuata ingeonyeshwa Dongobesh, siku ya mnada.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu bila kumtazama.

Kwenye kioo cha simu mtu mdogo wa kuchorwa alikuwa akilima kwenye ardhi iliyonyooka, koti likipepea. Alikuwa yeye kabisa, hadi namna anavyorusha goti. Mzee alitazama mara mbili. Mara ya tatu damu ikampanda kichwani.

"Huyu anashuka!"

"Hapana, baba, niliinyoosha ardhi..."

"Umenyoosha ardhi, mwili je? Mgongo umelala nyuma. Kisigino kinatangulia. Nira imewasogea maksai mpaka kwenye pembe! Yeyote aliyewahi kushika plau atajua Akonaay alilima kushuka. Unataka kunidhalilisha mbele ya mnada mzima?"

"Nitarekebisha mgongo, baba. Kwenye kompyuta ni kazi ndogo."

"Kompyuta! Mvua yangu hainyeshi kwenye kompyuta!"

Akamburuta hadi kwenye korongo, penye rundo la mawe. Majani ya ukingoni yalikuwa ya kukatwa tu na kulishwa ng'ombe. Dakika kumi za mundu. Hakuna aliyefikiria hilo siku ile, si binti, si yeye aliyevimba kichwa ndani ya koti lake, na hapo ndipo palipomuuma zaidi.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta. Beba."

Judica akabeba, viatu vya ibada vikizama topeni. Aliposikia simu ikipiga picha mfululizo, ta-ta-ta-ta, aligeuka. Baba yake alikuwa ameishika kwa mikono miwili, kidole kimeng'ang'ania kioo, uso umekunjwa vilevile.

"Usisimame. Tembea."

Kisha akamrudishia simu kwa ukali.

"Yule anayeshuka usimguse. Mrudishie mteremko wake, filamu ianze na yeye. Halafu korongo. Halafu wewe na jiwe lako."

"Baba, watu wa Dongobesh watakujua."

"Wanijue," alisema. Akavua koti la kanisani, akainama, akanyanyua jiwe kubwa kuliko la binti yake. "Sasa piga. Zihesabu zifike kumi na sita."