Anti Philister na Faili la Mwanga wa Oakdale

Anti Philister akikuuliza habari yako, usijibu "nzuri" ukadhani mmemalizana. Atataka kujua umelala saa ngapi, umekula nini, na kama umeenda choo. Ni kazi iliyomfanya hivyo. Amewahudumia wazee kwa miaka kumi na sita, tangu alipotoka Bungoma akatua Minnesota, Marekani, katikati ya Januari, kwenye theluji, na viatu vya wazi miguuni. Anaishi nasi New Hope, na siku tano kwa wiki anaendesha gari mpaka Oakdale, kwenye nyumba ya wazee yenye vyumba ishirini. Kila zamu ikiisha anaandika ripoti, na ana msimamo wake: andika ulichoona na saa uliyokiona. Maoni yako nenda nayo nyumbani.

Mimi nilimfuata huko kwa sababu shuleni kwetu lazima tujitolee saa arobaini mahali fulani. Nilidhani nitagawa juisi tu. Kumbe nitakutana na Mzee Maurice, ambaye ndiye ameniruhusu niandike haya.

Mzee Maurice ana miaka sabini na tano. Alizaliwa papo hapo Oakdale, enzi za mashamba, akatengeneza matrekta maisha yake yote. Anti anamwita Mzee, na yeye anamwita Anti "Bosi." Siku moja alinikuta nimezama kwenye simu, nasoma jinsi serikali ilivyokuwa ikichunguza vitu visivyojulikana angani. Akauliza nasoma nini. Nilipomwambia, akasema, "Mimi nimo humo."

Nusura simu iniponyoke.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Jioni moja aliona mwanga wa rangi ya chungwa, mkubwa kuliko mwezi, umesimama juu ya banda la ng'ombe bila sauti yoyote. Kisha ukaenda zake. Baba yake akapigia polisi simu. Wiki iliyofuata akaja afisa wa Jeshi la Anga, akakaa na kijana jikoni kwa muda wa saa mbili, akaandika, akaaga. Majirani wao walishaamua: mtoto alikuwa amelewa. Maneno hayo yalimfuata mpaka kwenye harusi yake, na ndiyo maana binti yake, Stacy, hajawahi kusimuliwa habari hiyo.

"Nataka kujua yule afisa aliandika nini juu yangu," aliniambia. "Kama naye aliandika mlevi, basi serikali inanijua hivyo mpaka leo."

Nilijua pa kuanzia. Jeshi la Anga lilifunga uchunguzi huo mwaka 1969, likiwa na kesi zaidi ya elfu kumi na mbili, na siku hizi karatasi zake unazisoma kwenye kompyuta kutoka hifadhi ya nyaraka ya taifa. Nikalitafuta jina la Maurice siku tatu nzima. Wapi! Ndipo nikagundua kwamba majina ya mashahidi yamezibwa kwa wino mweusi. Basi nikafuata tarehe. Mzee alisema ilikuwa Alhamisi, Aprili 1967. Nikasoma Aprili yote, kurasa zilizofifia mpaka macho yakauma. Oakdale haikuwemo.

Jumamosi mchana nilimpelekea habari hiyo. "Labda faili lako walilitupa," nikasema.

"Labda hawakuona kama ni kitu cha kuweka," akajibu, akageukia dirisha.

Anti alikuwa amepiga magoti anamvalisha soksi. "Mzee, siku hiyo ulikula nini?"

"Bosi, ni miaka hamsini na nane!"

"Miaka sijauliza. Nimeuliza chakula."

Niliona aibu kwa niaba yake. Lakini Mzee alifumba macho. "Sikula. Mama alitufungisha kutwa nzima. Jioni ndiyo tukapata samaki wa kopo na mkate, tulipotoka kanisani."

"Kanisani mlifanya nini?"

"Tulipanga foleni tukabusu msalaba."

Anti aliiachia soksi. "Ijumaa Kuu! Na unamsumbua mtoto wa watu na Alhamisi ya Aprili! Wewe ni Mkatoliki wa namna gani?"

"Wa matrekta," akasema Mzee.

Nikatafuta haraka: mwaka 1967 Pasaka iliangukia tarehe 26 Machi. Ijumaa Kuu ni tarehe 24. Nikafungua Machi, na haikupita dakika ishirini. Oakdale, Minnesota. Banda la ng'ombe. Mwanga wa chungwa. Jina limezibwa, lakini umri wameuacha: 17.

Kwa pupa nikasoma mwisho kwanza, kwa sauti. "Uamuzi: taarifa hazitoshi."

"Ni hayo tu?" Mabega ya Mzee yalishuka.

"Ngoja," Anti akasema, akininyang'anya kompyuta. "Hao ni wakubwa wa ofisini, jikoni hawakufika. Aliyekaa na mgonjwa aliandika nini?"

"Mimi sikuwa mgonjwa, Bosi."

"Nyamaza nisome."

Ilikuwa ukurasa wa nne, umepigwa taipu, una makosa mawili matatu. Anti alisoma polepole. "Shahidi ameulizwa mara tatu, hakubadilisha maelezo. Askari wa kwanza kufika anasema kijana hakuwa na harufu ya pombe. Alipoulizwa kasi ya mwanga alisema hajui, na hakutaka kukisia. Naamini aliona anachosema alikiona."

"Hapo mwisho ameweka maoni," Anti akasema. "Lakini huyo tunamsamehe."

Mzee Maurice hakucheka. Aliomba asomewe tena. Mara ya pili midomo yake ilikuwa ikifuata maneno. Ule mwanga ulikuwa nini, faili halisemi, nami natamani sana kujua. Yeye hakuuliza kabisa. Aliomba simu.

"Stacy? Hapana, sijaanguka. Nimekula, ndiyo. Unaweza kuja sasa hivi?"

Stacy alitoka mji wa Eagan, akaingia na funguo za gari mkononi na uso wa mtu anayetarajia msiba. Baba yake akagonga kitanda kwa kiganja mara mbili, ishara kwamba aketi karibu.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," akaanza, "na nilikuwa sijagusa hata tone."