Ukurasa wa Pili wa Baba Mkwe

Kwa miaka tisa ya ndoa yangu, mimi na baba mkwe hatukuwahi kuzungumza. Hatukuwa na ugomvi. Hivyo ndivyo tulivyoheshimiana. Siku hizi nyumba nyingi za Kyela zimelegeza, utamkuta mkamwana anampakulia mkwewe wali na kumtania juu, lakini nyumba niliyoolewa mimi pale Ipyana ilikuwa bado inashika ya zamani. Mkamwana hakai alipo baba mkwe, hamtazami usoni, halitaji jina lake, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia migombani mpaka mzee apite. Mzee naye ana wajibu wake. Hamsemi mkamwana, si kwa jema wala kwa baya, na mbele za watu ndiyo kabisa. Mimi nimezaliwa Mwaya kwa mama mfanyabiashara aliyekuwa akivuka kwenda Malawi na kurudi, mama mwenye mdomo, na mdomo huo nimeurithi wote. Mwaka wa kwanza nilidhani nitapasuka.

Baba mkwe alikuwa bwana shamba mstaafu. Alipotangaza kwamba anagombea udiwani, watu walimwuliza fulana zake za rangi gani na spika ataazima wapi. Akasema hana fulana, anataka karatasi. Alitaka kila nyumba ipate karatasi yenye msimamo wake juu ya mambo makubwa ya kata, ili siku akienda kinyume mtu amfuate nayo mkononi. Mimi nilikuwa na duka la steshenari mjini, kompyuta moja, mashine moja ya kutoa kopi. Kwa hiyo kazi ikawa yangu, na kata nzima ilijua ni nani anayemchapia.

Aliandika kwa mkono kwenye daftari, kwa peni ya bluu, maandishi ya mtu aliyefundishwa kwa fimbo. Mama mkwe ndiye aliyelileta, chini ya kikapu, juu yake ndizi. Nilianza kuchapa nikiwa sina hamu nayo. Nilikuwa nimeshachapa karatasi za wagombea wengi, na zote zilikuwa na maji, barabara, na vijana.

Yake haikuwa hivyo. Kuhusu zahanati hakuandika kwamba atajenga nyingine, aliandika kwamba iliyopo ipate nyumba ya mganga, kwa sababu mganga anayelala mjini hamzalishi mtu wa Ipyana. Kuhusu mpaka aliandika kwamba mama anayevusha debe mbili za mchele kwenda kwa ndugu zake Malawi asiitwe mlanguzi, na akaeleza utaratibu mfupi ambao angeupeleka halmashauri. Kuhusu kakao aliandika: "Nitapiga vita uuzaji wa kakao mbichi." Hapo mdomo wangu ukaniwasha. Nikachukua penseli nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo: "Na yule anayeuza mbichi kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani hana sare, asubiri siku sita za kuvundika na wiki ya kuanika, atakula nini?"

Daftari lilipoondoka nikajuta. Mkamwana gani anamhoji mkwewe? Siku mbili baadaye likarudi. Chini ya penseli yangu kulikuwa na peni ya bluu: "Swali zuri. Futa 'nitapiga vita'. Andika kwamba chama cha ushirika kiwe na fedha ya kumlipa mkulima kiasi fulani siku anayoleta, kabla ya mnada."

Nilisoma mistari ile mara kadhaa huku wateja wakinisubiri. Baada ya miaka tisa ya kuingia migombani, nilikuwa nimejibiwa. Tangu siku hiyo daftari likawa linakwenda na kurudi, penseli na peni, penseli na peni. Nilimwuliza kuhusu chakula cha shule, akanijibu. Alinisahihisha mahali nilipokosea jina la mbegu ya mpunga. Mara moja alinitania, akaandika kwamba penseli yangu inakata kuliko panga la mama mkwe. Nilicheka peke yangu dukani. Ningeweza kumwuliza jambo lolote kwa njia ile, na hilo naliweka hapa mwanzoni ili nisije nikajitetea mbele.

Msimamo wa tano ulihusu mto. Sisi tunaokaa bondeni tunajua mto wetu: masika ukija unakula kingo, kila mwaka unasogea, nasi kila mwaka tunalima mpaka mdomoni mwake kwa sababu udongo wa pale una rutuba isiyo na mfano. Sheria inasema mtu asilime wala kukaa ndani ya mita sitini kutoka mtoni. Hakuna mgombea aliyewahi kuitaja sheria hiyo Ipyana, labda awe amechoka kugombea. Baba mkwe aliandika: "Nitasimamia mita sitini. Wanaolima na kukaa kando ya mto watahama, nami nitawatafutia maeneo kabla ya masika. Nitaanza na shamba langu mwenyewe."

Shamba lake mwenyewe lilikuwa shamba letu. Alimpa mume wangu tulipooana, kipande cha kakao kinachoshuka hadi mtoni, miti aliyoipanda mwenyewe akiwa bado kazini. Nimelipalilia lile shamba nikiwa na mimba mbili. Nimepasua kakao pale mpaka vidole vikawa vyeusi. Kompyuta niliyokuwa nikiichapia sentensi ile ilitoka kwenye shamba lile. Wakati wa kuzungumza habari za mito kwenye vikao vya kanisa mimi nilikuwa wa kwanza kusema watu wahame, lakini ndiyo hivyo, mkuki kwa nguruwe mtamu.

Sikuchukua penseli. Nilichapa kama alivyoandika, kurasa tatu, mama mkwe akazipeleka. Akazisoma, akatia sahihi chini ya ukurasa wa tatu, zikarudi na ujumbe mfupi: "Mzee anasema sasa toa kopi, kesho kutwa ni mkutano."

Mto ulikuwa kwenye ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili haukuwa na sahihi.

Nilijiambia ni kwa ajili ya kura. Nilijiambia kwamba mzee atashindwa kwa sentensi moja, na zahanati, na kakao, na wale akina mama wa mpakani, vyote vitakwenda na maji. Yote hayo yalikuwa kweli, ndiyo maana yalinifaa. Nikafungua kompyuta, nikaifuta sentensi yake, nikaandika: "Nitashirikiana na wananchi kutafuta ufumbuzi wa kudumu wa mafuriko." Sentensi ya namna hiyo haina mifupa, unaweza kuikunja utakavyo. Nikachapa upya ukurasa mmoja tu, nikautia katikati ya zile nyingine mbili, nikawasha mashine ya kopi.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Mimi nilisimama nyuma kabisa, nyuma ya kina mama, mahali ambapo macho yake na yangu yasingekutana. Alisoma ukurasa wa kwanza vizuri, watu wakapiga makofi kwenye zahanati. Akageuza. Akasoma msimamo wa nne. Alipofika wa tano akakatisha kusoma. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, akaitazama ile karatasi. Mwenyekiti wa mkutano akadhani ni kiu, akampa maji. Hakunywa. Akasoma nilichoandika mimi, neno kwa neno, polepole.

Mtu mmoja mwenye shamba mtoni akapaza sauti: "Kwa hiyo mzee, hutatuhamisha?"

"Nimesoma kilichoandikwa," akasema.

Watu wakashangilia. Mimi nilielewa palepale alichokuwa anafanya. Angesema "hii siyo sentensi yangu," kila mtu pale angegeuka kumtafuta aliyechapa. Angekuwa amemsema mkamwana wake mbele ya kata nzima. Mzee wangu hakuwa mtu wa kufanya hivyo, hata kwa kura zote za bonde.

Jioni mama mkwe alipita nyumbani kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kusutwa. Aliweka kikapu chini akasema, "Mzee anasema ndaga fijo kwa kazi." Ahsante sana, basi. Daftari halikuwa ndani ya kikapu, na halikuja tena.

Akashinda. Katika miaka iliyofuata nyumba ya mganga ilijengwa, hilo watu wote wanalo machoni. Lakini kila alipofungua mdomo kuhusu mto, wenye mashamba walikuja na karatasi zao wamezihifadhi vizuri ndani ya mifuko ya nailoni. "Diwani, hapa umesema kushirikiana. Sisi tunashiriki: hatuhami." Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia wamfuate nazo. Hakuwa na pa kutokea. Mume wangu, ambaye hajui hadi leo nilichofanya, alirudi kutoka kwenye kikao kimojawapo akasema, "Sijui baba amepatwa na nini. Alikuwa mtu wa msimamo."

Masika ya mwaka wa tatu mto ulikata kona. Asubuhi tuliamka tukakuta safu zetu za kakao za chini hazipo, na kwa jirani yetu, mama mmoja mjane, haikuwepo nyumba. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka na mbuzi wake na redio. Mpunga wake ulikuwa umekwenda, na kaburi la mumewe lililokuwa nyuma ya nyumba nalo limekwenda. Diwani alifika na suruali imekunjwa magotini. Nilipomwona nikaingia migombani kama inavyotakiwa, ndiyo sababu niliyasikia yote.

"Ungetuambia tuhame, wewe ningekusikia," yule mama alimwambia. Hakupiga kelele. "Wengine nisingewasikia. Wewe ningekusikia."

"Ni kweli, juuba," baba mkwe akasema. Alimwita mama, ingawa walikuwa wa umri mmoja.

Sikuweza kuvumilia tena. Wiki ile nilimwendea mama mkwe jikoni nikamweleza kila kitu, tangu sahihi hadi mashine ya kopi. Aliendelea kupepeta mchele mpaka nilipomaliza.

"Alijua palepale uwanjani," akasema. "Nilitaka nije nikuulize, akanikataza. Akasema mkamwana hasutwi."

"Basi nipelekee kwake, mama. Mwambie naomba msamaha."

"Nikimpelekea itabidi ajibu. Na akijibu, amekusema. Unataka umtoe kwenye heshima yake uzeeni, wewe upate kulala?" Akapuliza makapi. "Acha, mwanangu."

Niliacha. Nakiri kwamba nilipotoka jikoni nilipumua, kama mtu aliyeambiwa mahakamani kwamba kesi imefutwa. Mila ilikuwa imenifungia mlango, nami nilikuwa nimefurahi kuukuta umefungwa. Lakini penseli nilikuwa nayo. Daftari lolote la shilingi mia tano lingetosha. Na kama siyo kwake, basi kwa yule mama mjane, kwake hakuna mila inayonizuia, nyumba yake ya sasa iko hatua chache kutoka barabarani ninapopita kila siku. Nampita. Namsalimu, ugonile, anasema ndaga, naenda dukani.

Uchaguzi uliofuata aligombea tena. Karatasi yake hakuileta kwangu, aliipeleka kwa kijana mmoja mwenye duka jirani na stendi. Niliiona kwa bahati tu: mteja alikuja kutoa kopi ya kitambulisho, akakitoa mfukoni kikiwa kimefungwa ndani ya karatasi hiyo. Nikamwomba niisome. Safari hii mto ulikuwa wa kwanza. Mita sitini, kama alivyoandika zamani, bila kupunguza. Juu yake kulikuwa na maneno haya: "Kipindi kilichopita niliogopa kupoteza kura, nikawaficha msimamo wangu kuhusu mto. Kosa ni langu mwenyewe. Naombeni msamaha, hasa waliopoteza nyumba."

Alisimama na karatasi hiyo kwenye mikutano yote, na mtoni walimzomea. Kura zilipohesabiwa alikuwa ameshindwa vibaya. Mume wangu alimleta nyumbani kwa pikipiki. Niliiona migongo yao ikipita, mzee ameshika kofia yake kwa mkono mmoja isipeperuke.

Siku chache baadaye watu wawili walikuwa dukani kwangu wakisubiri kopi za hati ya shamba. Walikuwa wanaongea habari za uchaguzi, kama kila mtu wiki ile.

"Mzee wa watu, kumbe alikuwa mwoga tu," mmoja akasema. "Miaka mitano yote tunamwona mnyoofu."

"Si ameandika mwenyewe?" mwenzake akasema. "Uongo wa kutafuta kura. Na yule mama amebaki bila hata kaburi la mumewe." Kisha akanigeukia. "Samahani dada, wewe si mkamwana wake? Wewe unamjua. Ni kweli aliogopa?"

Nikainama kwenye mashine, nikawaambia wanisubiri kidogo, karatasi imekwama. Haikuwa imekwama.