Ukumbi wa Vioo Mlangoni mwa Baridi

Nimewafanyia kazi wajinga wa kila namna, lakini tajiri aliyeniajiri kuchora ghala la baridi pale Busia, upande wa Uganda, alikuwa mjinga mwenye picha. Alisafiri ng'ambo, akapigwa picha mbele ya ghala lisilo na mtu ndani: kreni inatembea yenyewe kwenye reli, inapandisha makreti mpaka karibu na dari, na kompyuta ikiagiza, inayashusha. Kila aliyemsalimu alionyeshwa picha hiyo. Mimi nilionyeshwa kabla ya kupewa kiti.

"Injinia, hii ndiyo nataka," akasema. "Samaki, maziwa, kuku, yote inaingia. Watu sitaki ndani."

Niliipokea kazi kwa moyo mmoja. Nimezaliwa Tororo, na tangu utoto nimeona malori ya samaki yakikwama kwenye foleni ya mpakani Malaba hadi harufu ikamtangulia dereva kufika. Ghala la namna hiyo lilihitajika. Nikachora chumba cha samaki wa kugandishwa, na kingine chenye baridi ya wastani kwa maziwa. Na mbele ya mlango wa samaki nikachora chumba kidogo kitupu chenye milango miwili, mmoja haufunguki mpaka mwingine umefungwa. Hewa ya kwetu ni ya ziwa, imejaa maji. Ikiingia penye baridi kali, maji yale huganda juu ya kila kitu, pamoja na macho ambayo kreni huyatumia kujua ilipo. Kreni ikipofuka, husimama.

Tajiri aliutazama mchoro akiwa na shemeji yake, mtu ambaye kazi yake pale ilikuwa kukubali.

"Hiki chumba kinawekwa nini?"

"Hakiwekwi kitu, mzee. Kinazuia hewa ya nje."

"Yaani nijenge nyumba ya hewa?"

Shemeji alicheka mpaka akapangusa machozi. Hapo hapo chumba changu kikafutwa, na mahali pake ukapangwa ukumbi wa vioo wenye makochi, ili wageni wakae na kuitazama kreni. Nilipinga. Nikaambiwa wanawake tuna woga mwingi. Nikaomba basi ngazi ya kupandia rafu siku mashine itakapogoma. Shemeji akasema ghala la kisasa lenye ngazi ni aibu mbele za watu. Ngazi nilifunga hata hivyo, ya chuma, kwenye kona. Walipouliza ni nini, nikawaambia ni nguzo ya kukaza rafu. Wakatikisa vichwa kama watu walioelewa.

Siku ya ufunguzi kwaya iliimba, padre akabariki, na mgeni rasmi akahutubia juu ya maendeleo mpaka maendeleo yenyewe yakachoka. Wakati wote huo mlango wa baridi ulikuwa wazi, umeshikizwa ukutani kwa utepe, ili wageni waone vizuri. Mle ndani tayari mlikuwa na samaki wa wanawake wa sokoni. Nilimwendea tajiri mara kadhaa kumwomba tufunge. Alinipungia mkono kama anayefukuza kuku.

Kreni ikapanda na kreti lenye maua, ikafika juu kabisa, ikatulia. Tukangoja. Haikushuka.

"Inasalimia wageni," tajiri akatangaza. Shemeji akaanzisha makofi.

Walipokwenda kula, nikakata utepe na kufunga mlango. Kila kitu kilikuwa kimevaa weupe: rafu, reli, macho ya kreni. Nilikuwa bado natazama uharibifu ule mama mmoja muuza samaki alipofika. Lori lake lilikuwa linamsubiri kuvuka mpaka kwenda Kenya.

"Mimi nataka samaki yangu," akasema. "Gari nangoja kule."

"Mama, tulia," tajiri akamjibu, mfupa wa kuku mkononi. "Mashine inapumzika."

"Napumzika? Imefanya kazi gani mpaka nachoka? Si leo ndiyo imeanza?"

Sijasikia hotuba bora kuliko hiyo siku ile nzima.

Nilivaa koti zito, nikamwita fundi wa umeme, kijana wa Busia ya Kenya. Tukazima kreni, tukapanda ngazi ya kwenye kona. Yeye alikwangua barafu kwenye macho ya mashine, mimi nikafunga makreti kwa kamba, tukayashusha moja baada ya jingine. Vidole viliniuma hadi nikashindwa kuvikunja. Tajiri alisimama chini, shingo juu.

"Hiyo ngazi imetoka wapi?"

"Ni nguzo ya kukaza rafu, mzee."

Fundi alicheka nusura kamba imponyoke.

Mama yule alipata samaki wake wakiwa bado wagumu, akaondoka bila kuaga mtu. Waliokuwa na mzigo karibu na mlango hawakuwa na bahati hiyo. Samaki wao walilegea, wakauzwa kwa bei ya kutupa, na wengi wa wanawake hao wakarudia masanduku yao ya barafu. Sikuwalaumu.

Baadaye ukumbi wa vioo ulibomolewa, chumba changu kitupu kikajengwa, na kreni ikaanza kufanya kazi vizuri. Asubuhi moja nilikuwa nimepiga magoti nikikaza mpira wa mlango, nikamsikia tajiri akiwaeleza wageni: "Hiki chumba niliwalazimisha mainjinia. Hawakutaka kabisa." Shemeji akakubali.

Mwezi huo niliacha kazi, nikarudi Tororo kuwajengea wafugaji ghala la maziwa, dogo, lisilo na kreni, la watu na toroli. Tajiri alipata habari, akanipigia simu kunipa pole kwa kurudi nyuma. Nilimshukuru, nikakata, nikaendelea kupima mabomba.