Sauti ya Dorca Mlolongoni

Pale Otonglo, kando ya barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia, hapakuwa na mtu asiyejua Dorca anampenda nani na hampendi nani. Alisema mwenyewe, na alisema kwa sauti. Kazi yake ilikuwa kuuza vyungu na mitungi. Hakuvifinyanga, alivinunua kwa wanawake wa vijijini, akavipanga juu ya nyasi kavu, na kila kimoja alikigonga kwa kifundo cha kidole mbele ya mteja. Kikilia vizuri, anakuuzia. Kikikohoa, anakwambia hapo hapo, "Hiki kina ufa, Mama, kiache." Wauzaji wenzake walimwona mjinga, wakamwita Redio, maana alilolijua asubuhi soko zima lililijua adhuhuri. Jina hilo alilipenda. Kwake yeye, mtu anayeficha maneno ndiye anayeuza chungu kibovu jioni, giza likishaingia.

Sasa, ili umwelewe Dorca, lazima kwanza nikwambie habari za lori.

Mumewe, Owuor, alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa huko Muhoroni. Akafia huko mwezi wa nne mwaka 1979, mvua ya masika imeifanya barabara kuwa uji. Na kwao mtu mzima mwenye boma hazikwi ugenini. Kumfukia Owuor katikati ya miwa ya watu kungekuwa kumtupa. Kila mwenye gari aliyeombwa aliyatazama matope akatikisa kichwa. Asiyetikisa ni mmoja tu, Gordon Ogola, mfanyabiashara aliyekuwa na lori la kusomba miwa. Alipakia jeneza, akampakia Dorca, akampakia na binti yao Selpha, msichana wa miaka kumi na saba. Lori lilikwama mara nne njiani, na mara zote nne Ogola alishuka mwenyewe akasukuma, suruali imelowa tope hadi mapajani. Owuor akalala nyumbani kwake. Mwisho wa mwaka huo Ogola akaomba kiti cha udiwani. Haya, niambie wewe, Dorca angempa nani kura?

Alimpa. Mwaka 1983 akampa tena, na angempa hata kama angegombea peke yake.

Selpha akakua, akasomea ualimu, akapata kazi katika shule ya msingi ya hapo hapo karibu na soko. Darasa lake la tatu halikuwa na paa. Upepo ulilichukua mwaka 1985, na Ogola aliahidi mabati mara tatu, kila mara akipigiwa makofi. Mabati yalikuja kweli, lakini yalipanda juu ya baa yake mpya. Watoto wakaendelea kusoma kwa jua, na mawingu yakikusanyika wanafukuzwa nyumbani kama kuku.

"Mama," Selpha alisema jioni moja, wanakula ugali na kunde, "Ogola alimleta Baba nyumbani, na ahsante tumempa mara mbili. Baba tulimzika mara moja. Ogola tutamlipa hadi lini?"

Dorca aliacha kula. "Hadi nife. Wewe ulikuwa ndani ya lori lile. Ulimwona."

"Nilimwona. Na darasa langu pia naliona kila siku."

"Darasa! Fadhila za punda hizo, Selpha, na sikukuzaa uwe punda."

Mabishano hayo hayakuwa ya nyumba moja. Katika kila boma la pale, watu wa umri wa Dorca walipiga kura kumwambia mtu ahsante, na watoto wao waliosoma walitaka kura iwe swali. Wazee waliona vijana hawana shukrani. Vijana waliona wazee wamenunuliwa kwa bei ya zamani. Wakigombana hivyo, wanakula sahani moja, wanalala, kesho yake wanaendelea.

Halafu ikaja Februari 1988. Chama kilikuwa kimoja, na uteuzi wa wagombea ulifanywa kwa mlolongo. Karatasi hakuna, sanduku hakuna. Wanachama mnafika uwanjani na kadi zenu, mnapanga mstari nyuma ya mnayemtaka, mnahesabiwa kama ng'ombe wa kwenda josho. Selpha aliuita mtindo huo aibu. Dorca aliupenda sana. "Chungu hugongwa mbele ya mteja," alisema. "Unaogopa nini kuonekana?"

Selpha alikuwa na cha kuogopa. Walimu waliandikwa na serikali, na siku hizo serikali na chama vilikuwa chanda na pete. Wenzake wengi walikaa nyumbani siku hiyo wakisingizia malaria. Yeye alikwenda. Alijitanda leso mpaka kwenye nyusi, akajipenyeza katikati ya wanawake wawili warefu katika mstari wa Joram, kijana aliyekuwa karani wa chama cha ushirika na ambaye ndiye aliyekuwa akishindana na Ogola. Mwanamke wa leso kati ya wanawake wa leso, nani angemjua?

Mama yake alimjua. Mama gani hajui mgongo wa mwanawe?

Dorca alikuwa mtu wa sita nyuma ya Ogola, amevaa gauni lake la kanisani. Alipouona mgongo ule upande wa pili aliona Selpha amepotea, kama mtu aliyeingia msiba usio wa kwao. Akaweka mikono mdomoni. "Selpha! Selpha binti Owuor! Mwalimu mzima, unapotea mstari? Yaye! Njoo huku kwa aliyemleta baba yako!"

Uwanja mzima ukacheka. Dorca naye akacheka, maana alipenda watu wakicheka kwa maneno yake. Selpha hakugeuka. Lakini pale mezani kwa wasimamizi, mwanamume mmoja mwenye kofia aliinua kichwa, akamnong'oneza jirani yake, akaandika kitu kwenye daftari dogo. Dorca alimwona akiandika. Alidhani anahesabu watu.

Mstari wa Joram ulipita goli, ukakunja kona, ukafika nyuma ya vyoo vya shule. Wa Ogola haukufika nusu ya uwanja. Msimamizi akasimama juu ya kiti akatangaza kwamba mshindi ni Ogola. Watu wakapiga miluzi, askari wakasogea, watu wakaenda nyumbani. Dorca alikuwa ameshinda, na njia nzima hakuimba. Macho alikuwa nayo. Alijua mstari mrefu ni upi.

Mwezi wa nne Selpha akapata barua ya uhamisho. Aripoti Jumatatu katika shule moja ndani ya mashamba ya miwa, Muhoroni. Kati ya mahali pote duniani, Muhoroni! Mahali ambapo Dorca aliapa kwamba hatapakanyaga tena, hata sukari ya huko akiila kwa shingo upande. Selpha alifunga sanduku lake. Dorca alilia, akafuta machozi, akavaa gauni lile lile la kanisani, akaenda kwa Ogola.

Diwani alimpokea vizuri, soda ikaletwa. Dorca alieleza. Nilisimama nyuma yako tangu mwanzo, mtoto wangu ni huyo mmoja, mrudishe.

"Nitaongea na wakubwa, Mama," Ogola alisema. Kisha akamtazama kwa huruma. Ubaya hakuwa nao, na hilo ndilo lililomuuma Dorca zaidi. "Lakini nikuulize kitu. Wale wa daftari walikuja kuandika majina ya walimu waliosimama kwa Joram. Yule mwanamke wa leso hakuna aliyemtambua, hata mimi. Ni wewe uliyemtaja. Jina lake, jina la baba yake, na kazi yake. Sasa wangefanyaje?"

Dorca hakuimaliza ile soda. Alirudi kwa miguu, na alipofika sokoni watu wakamuuliza diwani amesema nini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasema, "Hakuna."

Ogola hakuongea na mkubwa yeyote, au kama aliongea hawakumsikia. Miaka ikaanza kupita. Selpha hakumtusi mama yake, hakumnyima kitu. Alituma sukari, alituma barua. Barua hizo Dorca hakuweza kuzisoma, kwa hiyo alizipeleka kwa Habiba, rafiki yake Mwislamu aliyeuza leso mkabala naye. Habiba akizifungua hazikuchukua muda. Salamu, hali ya hewa, salamu. Krismasi Selpha alikuja mchana, akaondoka kabla ya jua kutua.

Kisha siku moja dereva wa lori la miwa kutoka Muhoroni alisimama kununua mtungi, akampongeza Dorca kwa uchumba wa binti yake. Uchumba! Habari za mtoto wake mwenyewe, kutoka kwa dereva asiyemjua hata jina. Dorca alimfungia mtungi bila kuugonga. Krismasi hiyo alimuuliza Selpha kwa nini.

"Nikikwambia wewe, Mama," Selpha alisema taratibu, "nitakuwa nimewaambia wote."

Dorca akainuka kumfungia kunde za safari. Angesema nini? Lilikuwa kweli.

Mwaka 1992 mambo yakabadilika. Vyama vikawa vingi, mlolongo ukafutwa, kura ikawa ya siri, karatasi na sanduku. Vijana walishangilia barabarani mpaka Kondele, mjini Kisumu. Dorca alijiandikisha kama wengine, lakini alisikia habari moja iliyomkosesha usingizi. Asiyejua kusoma ataulizwa na msimamizi, atasema kwa mdomo anayemtaka, naye atatiliwa alama mbele ya mawakala wa vyama vyote.

"Ndiyo hivyo," Habiba alisema. "Siri ni ya waliosoma. Wewe utapiga kelele kama zamani."

"Mimi sitapiga kelele. Nifundishe ile alama."

Habiba alimtazama Redio, akadhani ni mzaha. Dorca hakuwa anacheka. "Mdomo uliponza kichwa, dada," Habiba akasema polepole, na akamfundisha.

Walitumia vigae vya vyungu vilivyovunjika na kipande cha mkaa. Msalaba uliolala, basi, mtoto wa miaka mitano anaweza. Jaribu sasa kuwa na miaka sitini na kitu na hujawahi kushika kalamu. Alama za kwanza zilifanana na buibui aliyekanyagwa. Mistari ilitoka nje ya kiboksi, ikaenda kwa jirani, na Habiba akapiga makofi, "Imeharibika! Umewapa wawili!" Novemba nzima wateja waliuziwa vyungu na mwanamke mwenye vidole vyeusi. Picha za vyama alizijua zote. Mabango yalibandikwa hadi kwenye choo cha soko. Ilibaki mkono tu.

Siku ya kura, mwisho wa Desemba, foleni ilianza kabla ya alfajiri katika shule ile ile. Darasa la tatu bado halikuwa na paa, wakatumia la nne. Selpha, sasa mke wa mtu, alikuja kutoka Muhoroni maana alikuwa amejiandikisha nyumbani. Akajikuta watu watatu nyuma ya mama yake.

"Mama, unajua kusoma?" msimamizi aliuliza.

"Sijui."

"Basi sema tu, nitakutilia alama."

Mawakala wakainamisha vichwa. Foleni mlangoni ikanyamaza, maana kila mtu alitaka kuisikia Redio. Ogola alikuwa akigombea tena, na wakala wake alitabasamu. "Huyu hatusumbui. Wa kwake tunamjua."

"Nipe hizo karatasi," Dorca alisema.

"Mama, ukikosea kura itaharibika."

"Ikiharibika itakuwa imeharibika yangu."

Akaingia nyuma ya pazia la gunia na karatasi zake tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani. Akakaa. Akakaa mpaka mmoja akauliza kama amelala humo. Alipotoka jasho lilimtiririka shingoni, na karatasi alikuwa amezikunja zikawa ndogo kama pipi. Akatumbukiza moja moja katika masanduku, akanyoosha kidole kikatiwa wino, akapita katikati ya watu. Sokoni walimwita, "Redio! Umempa nani?" Aliitikia salamu tu.

Selpha alimfuata hadi nyumbani. Alimkuta kwenye kigoda, anatazama kidole chake chenye wino.

"Mama, ulimpa nani?"

"Sikwambii."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Ningenyamaza hivi mwaka ule, nyathina, mtoto wangu, usingekwenda Muhoroni." "Nilikuuza bila kujua. Nisamehe, mwanangu. Nimechelewa, lakini nimejifunza."

Selpha alikaa chini kwenye mkeka, karibu sana, kama alivyokaa ndani ya lori lile mwaka 1979. Jua likatua na hakuinuka kwenda popote. Kisha akaushika mkono wa mama yake, ule wenye wino, akauweka tumboni mwake.

"Miezi mitatu," alisema. "Hata mama mkwe hajui."

Ogola alianguka vibaya katika uchaguzi huo. Wiki iliyofuata alipita sokoni, akasimama mbele ya vyungu, akauliza kwa utani wenye uchungu kama hata Mama Dorca alimwacha. Dorca alikigonga chungu kimoja, kikalia vizuri, akampa bure kwa ajili ya lori, na swali hakulijibu. Hajalijibu hadi leo. Na habari ya yule mtoto, soko la Otonglo halikuipata mpaka Selpha alipokuja Pasaka na tumbo likajisema lenyewe.