Mfunguo Sita Haukuwa kwenye Kalenda ya Anti

Siku ya kwanza kazini nilifika nimevaa tai ya shule, kwa sababu sina nyingine, na nilikuwa nimeigeuza nyuma mbele ili nembo isionekane. Ilikuwa likizo ya Desemba, nina miaka kumi na sita. Nyinyi wa madarasa ya chini mnaosoma haya mnadhani kazi ni mchezo. Zamani zile, yaani mwaka jana, kazi ilikuwa kazi. Ofisi yetu ilikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, lifti ilishakufa, na ili uufikie mlango wetu ilibidi upite ndani ya kinyozi na kusalimia kila kichwa. Nilipoingia, Mkurugenzi Mkuu alikuwa anakula mandazi.

Mkurugenzi Mkuu ni Anti Njoki, dada mdogo wa mama. Nyumbani Waithaka tunamwita Anti. Kazini alikataa.

"Hapa mimi si anti. Hapa mimi ni nani?"

"Bosi."

"Na wewe ni nani?"

"Meneja?"

"Wewe ni mtu wa kufagia. Maliza kufagia ndio tuongee."

Nilifagia. Wakubwa wote mnaowaona walianza hivyo, ingawa hawapendi kusema.

Biashara yenyewe ilikuwa kuuza likizo, na Anti alikuwa na imani moja aliyoisema kama sala: kila mwezi una mahali pake. Ukutani alitundika kalenda ya bure kutoka buchari, yenye picha ya ng'ombe aliyegawanywa kwa mistari, na chini ya ng'ombe ndiko tulikopanga maisha ya watu. Februari ni Amboseli, kwa sababu kumekauka, ndovu wanasongamana kwenye maji na mlima Kilimanjaro unaonekana asubuhi bila kujificha. Aprili na Mei ni msimu mfu, yaani mvua ndefu, hoteli zinapakwa rangi na wewe unakaa kwenu. Julai Nairobi inakuwa friji, na Waithaka ndiyo ile sehemu ya juu ya kugandisha, basi unampeleka mtu Magadi akaungue kidogo arudi na adabu. Agosti ni nyumbu wa Maasai Mara. Oktoba, jakaranda zikianza kumwaga maua ya zambarau hapa mjini, unamwambia mteja abaki na aangalie juu. Desemba kila mtu anakimbilia pwani, kwa hivyo mtu mwenye akili unampeleka Kisumu akale samaki kwa amani.

Kazi hii inakuharibu lakini, na hilo hakuna aliyeniambia. Desemba unauza Aprili. Aprili unauza Agosti. Tangu niajiriwe sijawahi kukaa ndani ya mwezi uliopo. Mwalimu anaandika tarehe ubaoni, mimi kichwani niko miezi minne mbele, naangalia kama kuna vitanda. Miguu inawasha. Mama alidhani ni minyoo, akaninunulia dawa.

Kabla ya Krismasi nilihamishwa kwenda tawi la Kenyatta Market. Msinicheke. Tawi lilikuwa meza moja ndani ya saluni ya rafiki ya Anti, upande ambao moshi wa nyama choma unaingia bila kubisha. Mkuu wa Tawi alikuwa mwenye saluni mwenyewe, mama mmoja mnene wa vidole vyepesi, na ndiye aliyenifunza kazi kuliko mtu yeyote.

"Hawa wateja wangu wanasukwa masaa manne," alisema, bila kuinua macho kutoka kwa kichwa alichoshika. "Hawawezi kukuhepa. Lakini wewe unawauliza swali mbaya."

"Gani?"

"Unawauliza wanataka kuenda wapi. Mtu hajui. Muulize anakimbia nini."

Nikajaribu kwa yule aliyekuwa chini ya vidole vyake. "Madam, unakimbia nini?"

"Mama mkwe," akajibu papo hapo.

Tulimpeleka Naivasha Januari, wakati mama mkwe anavuna mahindi kwake na hawezi kufuata mtu. Alirudi amenona.

Likizo ya Aprili nilirudishwa makao makuu, na huko ndiko kulitokea jambo ninalotaka mlijue.

Alikuja mteja anaitwa Bi Zuhura. Ni mtu wa Mombasa, anauza mabuibui na udi kwenye duka dogo nyuma ya msikiti, hapa hapa Nairobi. Alipanda ngazi zetu zote akipumzika kila kona, na alipofika kinyozi walimpa kiti kwanza. Magoti yake yalikuwa yamechoka kabla yake.

"Nataka Lamu, mwanangu," alimwambia Anti. "Mfunguo sita. Na chumba kiwe cha chini. Ngazi siziwezi tena, umeona mwenyewe nilivyofika hapa."

"Mwezi wa sita," Anti akasema huku akiandika. "Sawa kabisa, mama. Hata hakutakuwa na watu."

"Hakutakuwa na watu?" Bi Zuhura alishangaa kidogo, lakini alikuwa bado anatafuta pumzi, akaliacha lipite.

Alipoondoka, Anti alitikisa kichwa kwa kupendezwa. "Hawa watu wa pwani wana heshima. Hata mwezi wanauita mfunguo."

Mimi nilidhani ni mambo ya funguo za chumba. Hivyo ndivyo tulivyokuwa wataalamu.

Baada ya siku chache nilitumwa kumpelekea tiketi dukani. Alizisoma, akavua miwani, akaipangusa, akazisoma tena.

"Hii ni Juni."

"Ndiyo, Bi Zuhura. Mfunguo sita."

Aliniangalia kama anavyoangalia kitambaa bandia. "Wewe wafunga Ramadhani?"

"Mimi ni wa kanisa. Nafunga tu kama mama hajapika."

"Basi nyoosha vidole. Tukimaliza kufunga, twafungua. Mwezi unaofuata Ramadhani ndio mfunguo mosi. Ramadhani imeisha juzi tu. Hesabu."

Nikahesabu. Aprili mosi, Mei pili, Juni tatu, Julai nne, Agosti tano. Nikahamia mkono wa pili. "Septemba."

"Ndiyo Maulidi. Mtume alizaliwa mfunguo sita, na Lamu wanamsherehekea kuliko mahali popote. Na kila mwaka yarudi nyuma siku kumi, kumi na moja, kwa sababu sisi twahesabu mwezi wa juu, si huo wenu wa karatasi." Kisha akanieleza kwa nini haiwezi kuwa wiki nyingine. Binti yake aliwahi kulazwa, madaktari wakaacha kumwangalia mama yake machoni. Bi Zuhura akaweka nadhiri: mtoto akipona, ataenda Lamu akae Maulidi, asome na wenzake mpaka mwisho. Mtoto akapona. Mwaka wa kwanza magoti yalikataa. Mwaka wa pili vyumba vya chini vilikosekana. "Mwaka huu nikikosa," akasema, "ya mwakani sijui kama nitakuwa na miguu ya kuyaendea. Na deni la Mungu si kama deni la duka."

Nilirudi ofisini mbio, nikasahau hata kusalimia vichwa vya kinyozi. Anti alisikiliza, akaangalia kalenda ya ng'ombe kama imemsaliti. Miaka yote hiyo alikuwa bingwa wa miezi kumi na miwili, na hakujua kuna mingine kumi na miwili inatembea kando yake kwa mwendo wake.

Alimpigia Athman, mwenye nyumba ya wageni kule Lamu tuliyozoea kuitumia, akaweka simu iongee kwa sauti.

"Wiki ya Maulidi?" Athman alicheka taratibu. "Njoki, wiki hiyo nina watu hadi kwenye paa."

"Nataka kile cha chini tu."

"Cha chini kimeshikwa. Na kimeshikwa na mtu wako mwenyewe. Yule jaji."

Anti alikata simu na kukaa. Jaji mstaafu wa Spring Valley alikuwa mteja wetu pekee mwenye bustani. Alikuwa amesema anataka kimya, na Anti, kwa kalenda yake, akampa Lamu ya Septemba, wakati wageni wa Agosti wamerudi makwao. Wiki ile ile. Chumba kile kile.

"Tumwombe abadilishe," nikasema.

"Jaji? Nimwambie nilikosea? Huyo akiniacha, mimi nabaki na watu wa saluni." Alipangusa uso. "Mwambie huyo mama Lamu imejaa. Aende mwaka ujao."

"Amesema mwaka ujao hajui kama atakuwa na miguu."

"Nimesikia alichosema."

Hakuniangalia, nikajua amesikia vizuri sana. Nilijaribu kupanga brosha. Nikazipanga mara mbili, nikasimama dirishani, nikakaa, nikasimama.

"Wewe una nini?" Anti akauliza. "Unanizungusha kichwa."

"Naenda kununua chai."

"Chai iko hapa."

"Ya Spring Valley."

Alifungua mdomo, akaufunga, akajifanya anatafuta kalamu. Kwenye kazi yetu hiyo inaitwa idhini.

Spring Valley hata hewa inaongea kwa sauti ya chini. Askari wa getini aliniuliza nimeleta nini, nikasema ushahidi, akanifungulia. Jaji alikuwa kwenye bustani, mwembamba, sweta nzito, kitabu kwenye magoti. Hakuniambia nikae.

"Nani amekutuma, anti yako?"

"Kampuni, mheshimiwa."

"Na kampuni inajua uko hapa?"

"Inatafuta kalamu."

Alifunga kitabu akiacha kidole ndani. "Endelea."

Nikamweleza. Kwamba alitaka kimya, na kwamba wiki tuliyompa Lamu kutakuwa na matari, mashindano ya punda, na watu kutoka kila pembe wamejaa hadi kwenye vizingiti.

"Anti yako alisema Septemba hakuna mtu."

"Kwa kalenda yetu. Kwa kalenda yao ni sherehe kubwa ya mwaka."

"Kwa hivyo mlikosea."

"Tulikosea vizuri sana, mheshimiwa. Ndiyo nimekuja na Juni."

"Juni kuna nini?"

Hapo ningeweza kumpaka mafuta, na mdomo wangu unajua kupaka. Lakini huyu alikuwa amesikiliza waongo wa kulipwa maisha yake yote. "Juni kuna upepo wa kusi," nikasema. "Bahari inachafuka. Hutaogelea. Mvua inaweza kukupata, na mikahawa mingine itakuwa imefungwa."

"Wewe unauza ama unaharibu?"

"Nauza. Hakutakuwa na mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mimi sitakuwepo."

"Hiyo ndiyo hoja yako ya kwanza yenye maana." Aliangalia ua lake lililokatwa sawasawa. "Na anayetaka Septemba yangu ni nani?"

Nikamwambia habari za Bi Zuhura, za binti, za magoti, za nadhiri. Alisikiliza bila kutikisa hata kope.

"Mbona hukuanza na hiyo?"

"Niliogopa utakubali kwa huruma, halafu Juni ukiona mawimbi unishtaki."

Kidole kikatoka kwenye kitabu. "Mwambie anti yako aache kutafuta kalamu. Anipigie mwenyewe, aombe msamaha vizuri, kisha abadilishe. Na wewe, tai yako iko nyuma mbele. Nembo inaonekana upande huu."

Anti alipiga simu amesimama. Aliomba msamaha kwa Kiswahili sanifu, jambo ambalo sijamsikia akilifanya tena. Jaji alienda Juni, akarudi na mchanga masikioni, na kitu alichosifu ni kwamba siku nzima ilipita hajaulizwa swali na mtu. Kando ya ng'ombe, Anti alitundika kalenda ya pili, ya miezi ya juu, aliyopewa na Bi Zuhura, na sasa hakuna anayepewa Lamu kabla hajazikagua zote mbili kwa kidole.

Mwisho wa likizo ya Agosti nilistaafu. Sababu rasmi ni mtihani wa mwisho wa sekondari. Hakukuwa na keki. Mkurugenzi Mkuu alinipa mkono, akasema niache ufunguo wa choo mezani.

Kustaafu ni kugumu, vijana. Mnasikia wazee wakisema wanapumzika, msiwaamini. Nakaa na kitabu cha Fizikia, naona Novemba, naruka, naona Februari, natamani kumwambia mtu apande gari aende. Ninyi bado mna nguvu, jifunzeni kukaa ndani ya mwezi wenu. Mimi nimeshindwa, na simu niliyopigiwa Septemba ndiyo imenimaliza kabisa.

Ilikuwa Jumamosi mchana, niko nyumbani Waithaka, nimelala juu ya mazoezi ya mwendo na kasi. Nyuma ya sauti ya Bi Zuhura kulikuwa na matari na watu wengi wakiitikia.

"Wasikia?"

"Nasikia."

"Nimekaa chini kabisa, mkeka mzuri, magoti yametulia. Tumesoma mpaka mwisho. Nadhiri imetoka, mwanangu. Nimelala usingizi ambao sikuupata tangu binti yangu aingie hospitali."

Nikasema hongera.

"Sasa nimeweka nyingine," akasema. "Nimekuwekea wewe. Ukipita huo mtihani, narudi huku mfunguo sita unaokuja. Nimeshamwambia Athman akishike chumba. Kwa hivyo soma, mimi nataka kusafiri."

Akakata. Nikahesabu kwa vidole: utaangukia Agosti, msimu wa wageni wengi, vyumba vitakuwa vita. Kisha nikafungua kitabu, kwa sababu nina mteja mmoja bado, na safari yake yote imekaa juu ya Fizikia yangu.