Mbao Mbili za Koko Amisi

Limbali ikipata mvua inatoa harufu ambayo siwezi kuichanganya na ya mti mwingine: uchachu kidogo, kama muhogo uliolowekwa siku tatu, na chini yake kitu kama chuma. Wiki iliyopita mtoto wangu Ramazani alishusha mbao zangu darini, akaziegemeza kwenye ukuta wa jikoni, mvua ikazipiga kabla hajazifunika. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Harufu ile iliponifikia, mchi ulisimama mkononi.

Niwaeleze kwanza ni mbao gani. Sisi wa familia za Waislamu wa zamani hapa Kisangani hatuzikwi ndani ya sanduku. Maiti anavikwa sanda, analazwa ubavu ndani ya shimo, na juu yake zinapangwa mbao fupi ili udongo usimguse. Mtu mzima mwenye akili anajitayarishia mapema, sanda ndani ya sanduku la nguo, mbao darini. Saba zinatosha. Mimi zangu ninazo tangu mume wangu alipofariki.

Bon, mjukuu wangu Salima ana miaka minne, na ameona kwenye shule moja ya watoto pembea na kingazi cha kupanda. Tangu hapo hakuna usingizi wa mchana katika nyumba hii. Nikamwambia Ramazani ashushe zile mbao amtengenezee. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa. Alizishusha, lakini msumeno hakuugusa. Basi nikamwambia akae chini, nikamsimulia jambo ambalo nililificha maisha yangu yote. Na ninyi nawasimulia.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa mtaa wa Mangobo, katika lupango, yaani kiwanja na nyumba, ya Koko Amisi na mke wake Koko Zaina, wazazi wa mama yetu. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Mdogo wangu Feza alikuwa na miaka mitatu. Mwaka uliotangulia alishikwa na homa, na homa ilipoondoka iliondoka na nguvu ya miguu yake. Muuguzi alisema ni polio. Alisema pia kwamba mtoto akizoea kujiburuta, hatasimama tena. Feza alijiburuta kwa makalio uwanja mzima, na jioni Koko Zaina alikung'uta kutoka nguo yake vumbi la kujaza bakuli. Watoto wa jirani walimwita Kobe. Niliwapiga wawili kwa jina hilo. Wa tatu alinipiga mimi.

Koko Amisi alisuka viti vya kekele, ile kamba ya mwituni ambayo ukiiloweka inapindika na ikikauka inakaza kama mfupa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa ya kugomba. Asubuhi moja alipanda darini, akashusha mbao zake saba. Koko Zaina akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alisema jua na mvua vitazila mbao hizo. Alisema anayechezea vitu vya kaburi analiita kaburi. Alisema mengi, na Koko Amisi alimwacha amalize.

"Miguu ya mutoto haingoje," Koko akamwambia. "Mimi nitangoja."

Alichimbia nguzo za miti mibichi. Mbao mbili akazilaza juu ya nguzo, moja huku na moja kule, kwa urefu wa kwapa la Feza, ili asimame katikati na kushika. Nne akazifanya ngazi fupi. Moja ikawa kiti cha pembea. Kila kitu alikifunga kwa kekele. Hakukata hata kipande, hakupiga hata msumari mmoja. Jua lilipokausha kamba ngazi ilikaa imara, mvua ikinyesha ikalegea, na kila asubuhi Koko alipita akikaza mafundo yake huku akigomba, kana kwamba sisi ndio tuliomtuma.

Nilidhani ni uchoyo. Nilimwambia watu wengine wanatumia misumari. Akasema mbao ile aliiazima, na mwenyewe ataitaka nzima siku atakaposafiri. Nilitumia majuma mawili nikichungulia malupango ya jirani, nikitafuta mtu aliyefunga mizigo.

Feza siku ya kwanza alilia mpaka akatapika. Koko aliweka mkate wa mafuta, ule mdogo wa mviringo, mwisho wa mbao, akakaa kwenye kiti chake, akaendelea kusuka. Feza asipoufikia, Koko aliula yeye, polepole, akimtazama. Siku ya tano Feza hakulia, alikasirika. Alivuta mkono mmoja mbele, na mwingine, na miguu ikamfuata kama vitu vya mtu mwingine. Mwisho wa msimu wa mvua alikuwa anakwenda na kurudi, hatua nne na hatua nne, na mikate ilikuwa yake. Koko alisema bado miezi michache, kisha ataanza kuachia mkono mmoja.

Hakuipata hiyo miezi. Tumbo lilimshika siku ya Jumatano, Ijumaa alfajiri alikuwa amekufa.

Kwetu maiti hangoji. Wanaume walikwenda kuchimba, wengine wakamwosha, na kaka wa mama yetu, Tonton Selemani, akaja uwanjani na kisu. Feza alikuwa amesimama katikati ya mbao zake. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumkumbuka asubuhi ile, naye alikwenda mahali alipozoea. Tonton hakumfokea. Alikata mafundo upande wa kulia, akaondoa ubao, kisha upande wa kushoto. Feza alibaki na mikono hewani. Halafu akaketi, taratibu, katika lile vumbi, akaanza kujiburuta kuelekea nyumbani.

Huko kujiburuta ndiko kulikonitia wazimu. Sikuwaza Koko. Nilisema nitawaza Koko kesho.

Tonton alifungua ngazi na pembea pia, akapanga mbao zote saba kando ya uzio, akaitwa ndani kusaidia kuinua maiti. Nilizichukua zile mbili za Feza, moja moja, maana zilikuwa nzito. Nyuma ya choo kulikuwa na rundo la ndele, majani tuliyoyaweka kwa kuezeka jikoni. Nikazisukuma chini yake mpaka mkono ukaingia wote.

Tonton aliporudi alihesabu, akahesabu tena. Wanaume wakatafuta kila mahali, mmoja hata akakunja mkeka waliokalia wazee. Mwisho Tonton akaja kwangu.

"Asha, mbao mbili iko wapi?"

"Sijue."

Aliniangalia sana. Na nyuma yake, mlangoni, Koko Zaina alikuwa amekaa na wanawake wa msiba, kitambaa cheupe kichwani. Yeye hakuangalia uso wangu. Aliangalia mikono. Kiganja cha kulia kilikuwa na mwiba wa mbao na damu kidogo, na katika kucha kulikuwa na kijani cha ndele.

"Selemani," akasema, "muende na hizo tano. Jua limepanda."

Wakaenda.

Wanawake kwetu hawafuati maiti makaburini, kwa hiyo sikuona. Nilisikia tu, saa waliporudi na udongo kwenye suruali zao. Tonton alinawa, akaketi, akasema bila kumwambia mtu: "Kwa miguu hatukuwa na mbao. Tumeweka vijiti na majani ya ndizi. Udongo umeingia."

Wanawake waliguna. Mtu mmoja akasema Mungu anajua. Koko Zaina aliendelea kupepea nzi kwenye sahani ya wali.

Nilingoja fimbo. Niliingoja siku tatu, niliingoja siku arobaini. Baada ya arobaini aliniita nyuma ya choo, akatoa mbao mwenyewe chini ya majani yaliyooza, akanipa kekele iliyolowekwa. "Funga," akasema. "Kaza. Mwenye kukaza hayupo." Nilifunga vibaya, akafungua, nikafunga tena. Hakunisaidia hata fundo moja. Akamleta Feza, akamsimamisha, akarudi kwenye moto wake. Na jambo hilo hakulitaja mpaka alipokufa.

Feza alitembea. Si vizuri, mguu wa kushoto aliuvuta mpaka uzee, lakini alikwenda soko na kurudi na beseni la samaki kichwani. Nilipokuwa mtu mzima, na mzigo umenichosha, nilimwambia. Nilidhani atanishukuru, au atalia. Akasema, "Kwa nini umeniambia, yaya, dada yangu? Nilikuwa ninatembea tu." Tangu siku ile, nilipomwona anakanyaga chini, niliona anakanyaga kwa uangalifu, kama mtu anayepita karibu na aliyelala. Huenda ni macho yangu. Sasa yeye pia amekwisha kuzikwa. Mbao zake nilizihesabu mwenyewe, saba, kabla hazijatoka mlangoni.

Miaka mingi nilijihesabu mimi peke yangu kuwa ndiye mwenye kosa. Nimezeeka ndipo nikamwona Koko Zaina vizuri. Mimi sikuchagua chochote, nilikuwa mtoto mwenye hasira. Yeye alichagua. Alikuwa na mume wa miaka yote ile amelala sebuleni, na neno moja lingetosha kumrudishia mbao zake, na alilimeza mbele ya watu. Hakunipiga kwa sababu angeanzaje kunipiga mimi na kujiacha yeye?

Na Koko Amisi nimemwona pia. Alikuwa mtu mwema, lakini alitaka kutoa na kubaki nacho. Alifunga mafundo yanayofunguka, akidhani ametenda hisani kwa wote wawili, mjukuu na maiti. Alichotuachia ni siku ambayo lazima mmoja wao anyang'anywe, na kisu kikawa mkononi mwa mwanawe, na mbao mkononi mwangu.

Ramazani alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, na weye tutakufunika na nini?"

Nikamwambia watatafuta, ni watu wazima. Nikamwambia akate mahali nilipochora na mkaa, na alipokata, vumbi jekundu likaanguka kwenye miguu ya Salima, naye akaanza kulichota. Kisha nikaomba nyundo. Limbali ni ngumu, msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili niliupiga mpaka kichwa kikazama ndani ya mbao, pasipo na kisu cha kuufungua.