Matufaha ya Äppelviken

Mama alikuja kunitembelea Jakobsberg kwa mwezi mmoja, na wiki ya mwisho alikwisha toa hukumu: Uswidi nchi nzuri, ila haina watu. Watu alikuwa akiwaona, tena wengi. Kilichomuuma ni kwamba hakuna hata mmoja aliyebisha hodi kwangu.

"Nikirudi Uvira bataniuliza mutoto wangu iko na jirani gani," alisema. "Nitajibu nini? Lifti?"

Nilikasirika, kwa kuwa alisema kweli. Ili kumziba mdomo nikampeleka kutalii Äppelviken, mtaa wa wenye nazo, kwa treni, basi na tramu. Miti imeinamia barabara, nyumba za mbao za njano, bustani zimechanwa kama kichwa cha bibi harusi. Mama alitaka picha mbele ya kila geti, hadi betri ya kamera ikaisha.

Kwenye geti moja palikuwa na kikapu cha matufaha na kikaratasi: karibuni, chukueni. Nikamsomea, kisha nikatangulia kituoni kutazama saa za tramu. Tulipoketi ndipo nikaona kikapu kizima kiko mapajani mwake.

"Mama! Umeiba kikapu cha Wazungu!"

"Nimeiba nini? Mutu akikupa matunda, anakupa na kitunga yake. Wewe unairudisha na kitu ndani." Akauma tufaha kwa raha zake.

Nilirudi nyumbani roho juu, nikijiona nimeshaitiwa polisi. Yeye akakanda unga. Kesho yake, siku moja kabla ya safari yake, tulikuwa tena kwenye geti lile, na ndani ya kikapu mna mandazi katika bakuli la bati alilokuja nalo kutoka kwetu.

Akatoka bibi mmoja mwenye glavu za bustani. Nilimwomba radhi kwa Kiswidi changu chote, jasho likinitiririka. Alicheka hadi akashika geti. Akala andazi palepale wima, akala na la pili.

"Mupatie namba yako ya simu," Mama akaniambia. Nikadhani ni adabu tu, nikaiandika.

Tramu ilipoondoka nikashtuka: bakuli tumelisahau! Nikainuka kubonyeza kengele. Mama akanivuta gauni.

"Kaa. Sikuisahau."

Siku tatu baada ya kumsindikiza uwanja wa ndege, simu ililia. Yule bibi alikuwa amepika jemu ya matufaha, na kwa haya akauliza kama ningependa kufuata bakuli langu Jumamosi, tunywe na kahawa. Nilikimbia kununua kadi ya kupigia simu nyumbani.

"Mama, nimealikwa."

Nilimsikia akipiga kigelegele, kisha akiwapazia sauti waliokuwa uani: "Mutoto wangu iko na jirani!"